Textura, Rotunda, Schwabacher au Fraktur: ukitaka fonti ya kigothi chukua ipi

Mtu akitaka logo yenye sura ya kale, au kava la albamu, au cheti kionekane kina uzito, anafungua orodha ya fonti, anashuka mpaka anakutana na zile za kigothi, zile nyeusi zenye ncha ncha ambazo wengi tunaziita tu "Old English", anabonyeza ya kwanza iliyompendeza, kazi imeisha. Na mara nyingi inakuwa kweli ni Old English Text, kwa sababu ndo inakuja na Microsoft Office na iko tayari kwenye kompyuta za watu kibao. Sio fonti mbaya hata kidogo. Ila ni ya aina moja tu, Textura, kati ya nne kubwa za blakleta (ndo jina lingine la hizi herufi za kigothi): Textura, Rotunda, Schwabacher na Fraktur, na hizo nne hazina tabia moja, kuna inayosomeka vizuri na kuna inayomtesa msomaji, kuna inayovumilia kubanwa na kuna inayotaka nafasi, kuna yenye historia nzito mgongoni na kuna isiyo nayo. Kwa hiyo naziweka hapa ubavu kwa ubavu ili ukienda kuchagua ujue unachagua nini.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa, mnisamehe: watu wengi wanachukua Textura au Fraktur wakati kazi yao ilikuwa ni ya Rotunda, alafu wanalalamika kwamba blakleta haisomeki.

Kwanza uzijue kwa sura: tazama o ndogo

Hamna haja ya kuwa mtaalamu. Chukua herufi o ndogo, ikuze ijae skrini. Kwenye Textura hiyo o haina mkunjo popote, ni mistari mitupu, miwili imesimama na juu na chini imefungwa kwa vipande vya mshazari, inabaki kitu chenye pembe sita. Kwenye Rotunda o ni karibu duara kamili. Schwabacher imechongoka juu na chini lakini mbavu zote mbili zimevimba kwa nje. Fraktur sasa ndo ina ukigeugeu, ubavu wa kushoto umevunjika na kunyooka kama Textura, wa kulia umepinda kama Schwabacher, yaani herufi moja ina tabia mbili.

Ukishaizoea hii o, hata fonti uliyopewa bila jina utajua ni ya ukoo gani. Na majina yenyewe usiyaamini sana, kuna fonti kibao zina neno "Gothic" kwenye jina na hazihusiani kabisa na hizi, Century Gothic na Franklin Gothic ni herufi nyoofu za kawaida zisizo na vikono, ukizitafuta kwa ajili ya cheti cha kizamani utashangaa.

Textura na Rotunda

Textura ndo ile ya Gutenberg, yule mchapaji wa Kijerumani. Biblia yake ya mistari 42 kwa ukurasa, iliyochapwa Mainz kwenye mwaka 1455 hivi, imepangwa kwa Textura kwa sababu vitabu vikubwa vya kanisa vilikuwa vinaandikwa hivyo kwa mkono, na yeye alitaka cha mashine kifanane na cha mkono. Waandishi walitumia kalamu yenye ncha pana bapa, wanaishika kwa mshazari wa nyuzi 40 na kitu, na kimo cha herufi ndogo kinakuwa kama upana wa ncha mara tano. Alafu siri yenyewe ni hii: uwazi ulio ndani ya herufi, na uwazi kati ya herufi na herufi, vyote vinakaribia unene wa mstari wenyewe. Mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kwa hatua moja. Ndo maana ukurasa wa Textura ukiutazama kwa mbali unauona kama uzio wa miti iliyosimama wima, hamna sehemu iliyokolea kuliko nyingine. Gutenberg ili asiuvuruge huo mlingano alitengeneza maumbo karibu 290, herufi moja ina pacha mwembamba na mnene, nyingine zimeunganishwa mbili mbili, nyingine ni vifupisho, lengo mstari ujae bila mapengo.

Huo mlingano ndo uzuri wake na ndo ugonjwa wake. Andika neno mnunuzi kwa Textura uone. M ina miguu 3, n ina 2, u ina 2, n tena 2, u tena 2, hapo umepata miguu 11 imejipanga, yote inafanana, imeachana kwa nafasi ileile, na hujafika hata kwenye z. Tofauti ya n na u ni kaunganisho kembamba tu, kakiwa juu ni n, kakiwa chini ni u, na mtu aliyesimama mbali na bango hako kaunganisho hakaoni. Kiswahili kimejaa m, n na u, kwa hiyo sisi tunaumia kweli. Lakini andika Habari, au Kilele, au Tabibu, mambo yanabadilika papo hapo, zile h, b, k, l na t zinapanda juu ya mstari zinampa msomaji mahali pa kukamata. Ndo maana nasema fonti hizi usizipime kwa abc ya kwenye sampuli, zipime kwa neno lako mwenyewe.

Rotunda ilikulia kusini, Italia na Hispania, ambako waandishi hawakuwahi kuipenda ile mivunjo mikali ya kaskazini. Bado ni nyeusi, bado imeandikwa kwa kalamu bapa, lakini herufi zimevunjwa pale tu inapobidi, matumbo yameachwa wazi, na miguu mingi inaishia bapa bila vile vialmasi ambavyo Textura inavivaa chini kama viatu. n na u zinatofautiana waziwazi kwa sababu mkunjo wa n ni mkunjo kweli. Erhard Ratdolt, mzaliwa wa Augsburg aliyekwenda kuchapa vitabu Venice, aliporudi kwao mwaka 1486 aliacha karatasi moja ya sampuli za herufi zake, ndo sampuli ya kale kuliko zote zinazojulikana za mchapaji, na zilizotawala humo ni Rotunda za saizi tofauti tofauti. Mfanyabiashara aliyekuwa anataka wateja wazione herufi zake aliweka hizo mbele, sio bure.

Sasa mbona haipendwi leo? Mi naona ni kwa sababu haitishi. Mtu anayetafuta blakleta anataka ukali, anataka ionekane kama lango la kanisa kuu au ngumi ya bendi ya metali, na Rotunda imekaa kistaarabu mno. Pia za bure ni chache. Za kulipia zipo nzuri, Wallau ya Rudolf Koch aliyoianza miaka ya 1920 kwenye kiwanda cha herufi cha Klingspor kule Offenbach, na San Marco ya Karlgeorg Hoefer, ambayo ukiitazama inakupeleka Italia moja kwa moja. Weiss Rundgotisch nayo ni ya humu humu. Kama una sentensi nzima ya kuandika, mathalan maneno ya mwaliko wa harusi au mstari wa shairi ukutani, mi ningelipia Rotunda kabla ya kuchukua Textura ya bure, bila kusita.

Textura kwa upande wake ina chaguo hadi zinachosha. Cloister Black ilitoka Marekani mwaka 1904, ni ya kiofisi, imenyooka, vyeti vingi unavyoviona vina damu yake. Goudy Text ya Frederic Goudy ya 1928 imetokana na kutazama Biblia ya Gutenberg lakini imepunguzwa makali, inapumua zaidi. Wilhelm Klingspor Schrift ya Koch huyohuyo ni ya kifahari kupita kiasi, ina vinyweleo vyembamba sana pembeni ya mistari minene, ikiwa kubwa inapendeza mpaka unakaa unaitazama tu, ikiwa ndogo vile vinyweleo vinapotea unabaki na kitu kilichokatika katika. Alafu kuna majina ya magazeti, The New York Times, The Washington Post, Le Monde ya Ufaransa, yote yamekaa kigothi juu ya ukurasa wa kwanza mpaka leo. Angalia lakini jinsi yanavyotumia, ni jina tu, maneno mawili matatu, makubwa, na limechorwa upya kwa ajili ya hilo jina, hakuna aliyechapa tu kwenye kibodi akaacha. Habari zenyewe chini zimepangwa kwa herufi za kawaida.

Kitabu kimoja, herufi mbili

Kama unataka kuona Rotunda na Schwabacher zikishindana kwa haki, tafuta picha za historia ya dunia ya Hartmann Schedel iliyochapwa na Anton Koberger kule Nuremberg mwaka 1493. Koberger aliitoa mara mbili mwaka huohuo, ya Kilatini mwezi wa saba na ya Kijerumani mwezi wa kumi na mbili, picha nyingi ni zilezile na karakana ni ileile, ila ya Kilatini imepangwa kwa Rotunda na ya Kijerumani kwa Schwabacher. Weka kurasa mbili pamoja kwenye skrini. Ya Kilatini imetulia, mistari imekaa sawa, ni ya msomi. Ya Kijerumani ina mwendo, herufi zinainama na kuvimba, a na g zina madoido, kuna kitu cha mkono wa mtu wa kawaida anayeandika haraka. Fonti hapo haikuchaguliwa kwa urembo, ilichaguliwa kwa kuangalia nani anasoma na anasoma lugha gani, na huo ndo uchaguzi ambao hata leo unatakiwa kuufanya.

Schwabacher na Fraktur

Hawa wawili watu wanawachanganya sana kwa sababu wote ni Wajerumani na wote wana mikunjo na mivunjo pamoja. Tofauti ya haraka ukiacha ile o: g ndogo ya Schwabacher ina kamstari kamelala juu kabisa kamekata kichwa cha herufi, na herufi zake ni pana, zimekaa chini. Fraktur ni nyembamba na ndefu, vichwa vya b, h, k na l vimepasuka viwili juu kama ulimi wa nyoka, na herufi kubwa zina yale madoido yanayoanza kwa mviringo ambayo Wajerumani wenyewe wanayaita mikonga ya tembo.

Schwabacher ni ya watu. Agano Jipya la Luther lilipotoka Wittenberg mwaka 1522 lilikuwa limepangwa kwa Schwabacher. Fraktur ni ya ikulu. Ilianzia kwenye mwandiko wa ofisi za kaizari Maximilian I, kitabu chake cha sala kikachapwa na Johann Schönsperger mwaka 1513, kikafuatiwa na Theuerdank mwaka 1517, kitabu ambacho herufi zake zina mapambo mengi hivyo kwamba ukikitazama haraka unaweza kudhani kiliandikwa kwa mkono. Baada ya hapo Fraktur ikapanda, Schwabacher ikashuka, na kufikia katikati ya karne ya 16 Schwabacher ikabaki na kazi ya kibarua, inaingizwa ndani ya maandishi ya Fraktur pale mchapaji anapotaka neno lijitokeze. Hii kazi ya kibarua ni wazo zuri mpaka leo aisee, kichwa kikubwa cha Fraktur na jina la pili chini kwa Schwabacher vinakaa pamoja vizuri kuliko Fraktur na Textura, ambazo zikikutana zinagombana tu.

Kwa usomekaji Schwabacher inaishinda Fraktur, mi sina shaka. Tatizo la Fraktur liko kwenye herufi kubwa. A kubwa kwenye fonti nyingi za Fraktur inafanana na U, kwa hiyo Amani inasomeka Umani. K kubwa na R kubwa ni mapacha, Kito inakuwa Rito. B na V zinakaribiana. I na J mara nyingi ni umbo moja tu. Ukija kwenye herufi ndogo, k ina kafundo kanakoifanya ifanane na t au f iliyoharibika, na y inafanana na h yenye mkia. Mjerumani anatumia y mara chache sana, sisi tunaitumia kila sekunde, yangu, yako, yetu, kwa hiyo ugonjwa mdogo kwake ni mkubwa kwetu. x ndo haisumbui, hatunayo. Kabla hujaipenda Fraktur, andika jina lako la biashara, mpe mtu ambaye hajui umeandika nini, mwambie asome kwa sauti. Asipopata, badilisha fonti, usianze kumweleza.

Halafu kuna ile s ndefu. Kwenye Fraktur ya zamani s ya mwanzo na katikati ya neno ni ndefu, inafanana kabisa na f isiyo na kamstari, na s ya duara inakuja mwishoni mwa silabi. Wapenda uhalisia wanakwambia lazima uiweke. Kwa Kijerumani sawa, wana kanuni zao. Kwa Kiswahili usijaribu, sana itasomeka fana, sisi itasomeka fifi, na mteja hatakuelewa.

Kwenye Fraktur zenyewe kuna uchaguzi wa ndani pia. Johann Friedrich Unger alitoa yake mwaka 1793 baada ya kujaribu kuipunguzia uzito na mapambo, ni nyepesi, ina mwanga, kwa maandishi marefu ndo ya kuanzia. Fette Fraktur ya mnamo 1850 iko upande wa pili kabisa, nene, imejazwa, ilitengenezwa kwa matangazo, na ndo unayoiona kwenye mabango ya baa za Kijerumani na lebo za bia. Iko sawa kwa neno moja. Maneno matatu ya Fette Fraktur ni kelele.

Mzigo wa Fraktur, tusiukwepe

Kuna watu wanaiona Fraktur wanafikiria Wanazi moja kwa moja. Ukweli wa historia ni mgumu kidogo kuliko hivyo. Ujerumani ilikuwa inasoma Fraktur kila siku kwa karne nyingi, vitabu vya watoto, magazeti, vitabu vya mapishi, na mwaka 1911 bunge lao lilibishana kabisa kuhusu kuiacha au kubaki nayo. Wanazi mwanzoni waliibeba kama herufi ya taifa. Alafu tarehe 3 Januari 1941 Martin Bormann, kigogo wa chama chao, akasaini waraka wa kuipiga marufuku, akidai eti ni herufi za Kiyahudi za Schwabach, jambo ambalo halina kichwa wala miguu. Kwa hiyo waliipandisha wenyewe na wakaiua wenyewe, na bado doa likabaki kwa fonti.

Kwa anayechagua leo la maana ni hili: zipo blakleta za miaka ya 1930 kama Tannenberg na Element, zimenyolewa mapambo yote, mistari minene iliyonyooka kijeshi, na hizo ndo zinazobeba harufu ya enzi ile kuliko Fraktur ya kawaida yenye mikonga yake. Ukichukua moja ya hizo ukaipaka nyeusi na nyeupe juu ya nyekundu, usishangae watu wakikuuliza maswali. Fraktur yenye madoido kwenye jina la gazeti haimshtui mtu, Frankfurter Allgemeine Zeitung wanayo kwenye jina lao mpaka leo, na vichwa vya maoni yao viliendelea kuwa Fraktur hadi 2007. Textura kwa watu wengi haina mzigo huo kabisa. Kule Los Angeles Wamarekani wenye asili ya Mexico waliichukua Old English wakaifanya ya kwao, ukutani, kwenye magari, kwenye ngozi, na ukiiona kwenye tisheti ya mtu wa hip hop leo, ukoo wake ni huo, sio Mainz wala Berlin. Bendi za metali nazo zina ukoo wao, Motörhead na wenzao.

Na hizi za kisasa za bure?

Ukiwa huna bajeti, kwenye Google Fonts kuna kadhaa zenye leseni huria, unaweza kuzitumia hata kwa biashara. UnifrakturMaguntia ni Fraktur halisi, imetengenezwa kwa umakini, ina herufi zilizounganishwa na maumbo mbadala, lakini bila kuzima na kuwasha hivyo vitu kwenye programu yako unapata nusu ya uwezo wake. UnifrakturCook ni ndugu yake mnene, imetokana na herufi za Koch, ina unene mmoja tu na ni ya vichwa vya habari. Pirata One ni Textura iliyorahisishwa kwa ajili ya skrini, nyembamba, inakaa vizuri kwenye simu, ukali umepungua lakini inasomeka, na kama kazi yako itaonekana zaidi mtandaoni kuliko kwenye karatasi, ningeanza na hii kabla ya Old English Text. Grenze Gotisch inakuja na unene kuanzia mwembamba kabisa hadi mnene kabisa, herufi zake ni mchanganyiko wa blakleta na herufi za kawaida, ndo chaguo langu kwa logo ya biashara ambayo inatakiwa itambulike lakini isomwe pia. Texturina ni mchanganyiko mwingine ambao unaweza kuwekea hata aya nzima, japo mtu anayetaka ugothi wa kweli atasema imechuja. Jacquard 24 imejengwa kwa vimraba kama mchoro wa kudarizi, ni ya kufurahisha, usiifanyie cheti.

Kuna tovuti nyingine zimejaa fonti za kigothi za bure na chini kwa maandishi madogo zimeandikwa ni kwa matumizi binafsi tu. Logo ya duka sio matumizi binafsi. Soma hilo kabla mteja hajachapisha mabango.

Kazi gani, fonti gani

Tatoo: watu wote wanakimbilia Textura, na kwa neno moja lenye herufi za kupanda juu iko sawa. Lakini wino unatanuka chini ya ngozi kadiri miaka inavyokwenda, na Textura haina uwazi wa ziada wa kupoteza, ule mweupe ukizibwa kidogo tu umebaki na doa. Kama jina ni refu au lina m na n nyingi, Rotunda kubwa au Schwabacher itazeeka vizuri zaidi. Na vinyweleo vyembamba vya Klingspor uache kwenye karatasi.

Cheti: Textura ya kiofisi kama Cloister Black kwa kichwa, na jina la aliyetunukiwa kwa herufi za kawaida. Jina la mtu lisomeke jamani, ni lake. Hii ya kuchanganya haijaanza leo, Biblia ya King James ya 1611 ilichapwa kwa blakleta na maneno ambayo watafsiri waliyaongeza wenyewe yakawekwa kwa herufi za kawaida, ndogo, msomaji anaona tofauti bila kuambiwa.

Kudarizi kwenye kofia: uzi hauwezi kufuata mistari myembamba, chukua nene, UnifrakturCook au Fette Fraktur, neno fupi. Lebo ya chupa: Fraktur au Schwabacher, hapa madoido ni mtaji. Bango la barabarani: hamna blakleta, au weka neno moja tu kubwa na habari yote iliyobaki kwa herufi nyoofu. Mwaliko: Rotunda, nimeshasema.

Ukishachagua, usiiharibu kwenye upangaji

Kosa namba moja ni kuandika kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za blakleta zilitengenezwa zisimame peke yake mwanzoni mwa neno, kila moja imejaa mapambo, ukizipanga tano pamoja hazisomeki kwa mtu yeyote, hata Mjerumani. Kubwa moja, ndogo zilizobaki, basi.

La pili ni kuachanisha herufi. Kwenye herufi nyoofu kuachanisha kunapendeza, kwenye Textura unavunja ule mlingano wa mweusi na mweupe na neno linakuwa miti iliyotawanyika. Acha zibanane, na hata nafasi kati ya maneno ipunguze kidogo. Wachapaji wa Fraktur ndo walikuwa wanaachanisha herufi, kwa sababu hawakuwa na herufi za mlalo za kukazia neno, lakini hata wao ch, ck na tz walizishika pamoja. Kama hujui kwa nini unaachanisha, usiachanishe.

La tatu linatuhusu sisi hasa: kagua kama fonti ina ile alama ya ng'. Fonti nyingi za bure za kigothi zina A hadi Z na tarakimu na zinaishia hapo, ukiandika ng'ara inakuja kisanduku kitupu au alama iliyoazimwa kwenye fonti nyingine imesimama kama mgeni. Kagua pia @ na tarakimu kama kuna namba ya simu chini, ingawa namba ya simu kwa blakleta ni adhabu kwa mteja.

Na kuna hii ya kunakili maandishi ya kigothi kutoka kwenye tovuti za "fonti za bio" ukabandika kwenye jina lako la mtandaoni. Ile sio fonti kabisa. Ni alama za hesabu za Unicode, ule mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, wanahisabati wanatumia herufi za Fraktur kwenye milinganyo yao, ndo zikapewa nafasi zao rasmi, na tovuti zinachofanya ni kubadilisha herufi zako moja moja kuwa hizo alama. Matokeo yake, mtu asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anaweza kusomewa alama za hesabu moja baada ya nyingine au asisomewe chochote, na mtu akitafuta jina lako kwenye sehemu ya kutafutia anaweza asikupate. Jina liandike kawaida, ule ugothi uweke kwenye picha ya wasifu, huko unachagua fonti yoyote kati ya hizi na inabaki kama ulivyoipanga.